Kusaidia Kliniki za Sheria Vyuoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kusaidia kliniki ya sheria ya chuo kikuu: wakili, mhitimu wa zamani, mfanyabiashara, au mzazi ambaye mwanawe anasoma sheria na anajiuliza hizo Ijumaa anashinda wapi. Tumeyajibu kwa mazingira ya Tanzania Bara, tukagusa Zanzibar na Kenya mbele kidogo. Mwenye shida yake ya kisheria naye anakaribishwa. Aanze na swali la pili na la nne.

Kliniki ya sheria ya chuo ni nini hasa?

Ni ofisi, mara nyingi chumba kimoja tu, ambamo wanafunzi wa sheria huwasikiliza watu wasio na uwezo wa kulipa wakili, wakawashauri na kuwaandalia nyaraka bila malipo. Juu yao wapo walimu na mawakili wanaosimamia kila hatua.

Kwetu jambo hili si geni. Chuo cha Dar es Salaam kilianza kufundisha sheria mwaka 1961, na kabla muongo ule haujaisha kitivo kilikuwa tayari na Kamati ya Msaada wa Kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria yenyewe ilikuja kutungwa mwaka 2017. Yaani walimu na wanafunzi waliifanya kazi hii karibu nusu karne kabla Bunge halijaitungia sheria kamili. Kabla ya hapo kulikuwa na sheria ya mwaka 1969, lakini iligusa mashauri ya jinai tu; mama aliyefukuzwa kwenye nyumba ya marehemu mumewe haikumhusu.

Nani anahudumiwa, na aje na nini?

Anahudumiwa asiye na uwezo wa kumlipa wakili. Kliniki nyingine huomba barua ya serikali ya mtaa au kijiji, nyingine humhoji tu mteja na kujiridhisha. Mashauri yanayokuja kwa wingi ni ya ardhi, ndoa na matunzo ya watoto, mirathi, na kazi.

Aje na karatasi zote. Asichambue mwenyewe nyumbani akaacha anazoziona hazina maana, kwa sababu risiti ya kodi ya pango ya miaka kumi iliyopita inaweza kuwa ndiyo ushahidi pekee kwamba aliwahi kuishi pale.

Mwanafunzi anaruhusiwa kumsimamia mtu mahakamani?

Hapana. Kwa Tanzania Bara, mwenye shahada ya sheria bado si wakili. Atapita kwanza Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, kisha aapishwe mbele ya Jaji Mkuu. Mwanafunzi anayejitambulisha mahakamani kama wakili anavunja sheria, na anaweza kumharibia mteja shauri lake pia. Kliniki makini humfundisha hilo siku ya kwanza.

Kama hawasimami mahakamani, basi wanafanya nini?

Wanafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa miongo mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa kusimama katika Mahakama ya Mwanzo, na hata baada ya mlango huo kufunguliwa, walio wengi huko bado wanajisemea wenyewe. Baraza la Kata nako watu husimama wenyewe, na tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha migogoro ya ardhi tu, haliamui. Mtu anayejisemea anahitaji kujua aseme nini, mbele ya nani, na kabla ya tarehe gani.

Chukua mfano. Haumhusu mtu mmoja. Tumeuchanganya makusudi kutoka katika mambo yanayojirudia. Anaingia mama na bahasha ya kaki iliyochakaa. Ndani mna mkataba wa kuuziana kiwanja ulioandikwa kwa mkono kwenye ukurasa wa daftari la shule, shahidi akiwa mjumbe wa shina. Nakala ya cheti cha kifo cha aliyemuuzia. Na muhtasari wa kikao cha ukoo wenye saini sita na dole gumba moja. Watoto wa marehemu wanasema baba yao hakuuza. Mama anataka kuwashitaki leo leo.

Mwanafunzi asiyesimamiwa vizuri atakimbilia kuandika hati ya madai. Aliyefundwa ataweka kalamu chini na kuuliza: marehemu ana msimamizi wa mirathi? Nani alimteua, mahakama ipi? Maana aliyeuza amefariki, na wa kushitakiwa ni msimamizi wa mirathi yake, wala si kila mtoto aliyepiga kelele kwenye uzio. Hapo mama anagundua kwamba kile alichokiita kesi ya ardhi kina kesi ya mirathi mbele yake. Na kama msimamizi yupo na aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, alitakiwa kurudisha orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi 4. Mwanafunzi anamwelekeza mama kwenda kuomba kuliona jalada lile. Pengine kiwanja chake kimeorodheshwa kama mali ya marehemu, pengine hakimo kabisa, na jibu hilo peke yake linaweza kugeuza shauri zima.

Anatoka pale na karatasi moja: matukio yamepangwa kwa tarehe, nyaraka zimepewa namba, na hatua ya kwanza imeandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka. Hajaonekana wakili wa joho mahali popote. Lakini hakimu atakayemsikiliza atajua tangu dakika ya kwanza mgogoro ni nini.

Upande wa ndoa ni vivyo hivyo. Watu hufika wakiomba kufunguliwa shauri la talaka bila kupita Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ilhali Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwa kawaida inataka kwanza hati ya baraza inayoonyesha usuluhishi umeshindikana. Anayepeleka maombi bila hati hiyo hurudishwa, na nauli imekwenda.

Serikali si ina kampeni ya msaada wa kisheria? Kliniki za nini tena?

Ipo, na imefanya kazi. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ilizinduliwa mwaka 2023 na imepita mkoa kwa mkoa, ikiwafikia watu ambao hawajawahi kuongea na mwanasheria maishani. Ila kampeni hukaa mahali siku chache kisha husonga mbele. Shauri la mirathi halimaliziki kwa siku chache. Mteja aliyepewa ushauri kwenye hema wiki iliyopita anahitaji mahali pa kurudi mwezi ujao akiwa na hati ya wito mkononi, na chuo hakihami.

Nataka kuchangia fedha. Zitatumika kwa nini?

Wengi wanapenda kuchangia tukio: wiki ya msaada wa kisheria, mabango, fulana zenye nembo, chakula cha mchana. Hatukatai, na siku za namna hiyo huleta wateja. Lakini ukituuliza kwa uwazi shilingi yako ifanye nini, tutakuomba uipeleke kwenye jalada kabla ya kuipeleka kwenye sherehe.

Jalada linakula nini? Linakula nauli kwanza. Mteja anayetoka Chanika au Mbagala kwenda chuo cha mjini na kurudi, mara tatu au nne, anakata tamaa kwa sababu ya nauli kabla hajakata tamaa na sheria. Jalada linakula wino wa printa na karatasi, kwa sababu hati huandaliwa nakala kadhaa. Linakula skana na bando, maana mashauri mengi sasa hufunguliwa kwa mtandao na hati iliyopigwa picha kwa simu, gizani, haisomeki. Linakula ada ya kufungua shauri pale mteja asipopata msamaha. Linahitaji pia kiapo kushuhudiwa na kamishna wa viapo, na huyo si kila mmoja atafanya bure.

Halafu kuna kabati lenye kufuli. Linachekesha mpaka siku jalada la mtu linapookotwa limefungiwa karanga.

Kwa vyuo vya umma, fedha hulipwa kwa kontrol namba inayotolewa na ofisi ya mhasibu wa chuo. Usimtumie mwanafunzi kwenye simu yake, hata awe kiongozi na mwaminifu kiasi gani. Unamlinda yeye pia.

Mnapokea vitu?

Ndiyo, kama vinafanya kazi. Kompyuta isiyowaka ni mzigo wa mtu mwingine uliohamishiwa kwetu. Vitabu vya sheria vya zamani vina shida yake: sheria zimerekebishwa, na mwanafunzi akinukuu kifungu kilichofutwa mteja ndiye atakayeumia. Viti vya kukalia wateja vinahitajika kuliko unavyodhani.

Mimi ni wakili. Nisaidie vipi?

Wewe ndiye tunayekutafuta zaidi, kwa hiyo jibu lako litakuwa refu.

Kliniki inaweza kuwa na wanafunzi sabini wenye ari na ikashindwa, kama hakuna wakili wa kusoma walichoandika. Mwalimu msimamizi ana vipindi, ana mitihani ya kusahihisha, ana utafiti wake. Akipitia nyaraka kumi kwa wiki amejitahidi sana. Wateja wanaopanga foleni hawaoni hilo. Wanachoona ni kwamba waliambiwa waje Jumatano, na Jumatano wakaambiwa waje Jumatano.

Unachoweza kutoa ni saa za kudumu. Saa mbili kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, mwaka mzima, zina thamani kuliko siku nzima ya kujitolea inayokuja mara moja na wapiga picha. Katika saa hizo utasoma rasimu, utafuta maneno, utamuuliza mwanafunzi kwa nini ameandika "mlalamikaji" badala ya "mdai" kwenye shauri la madai. Utamwonyesha kwamba barua fupi ya madai kwa mwajiri, yenye tarehe na kiasi, wakati mwingine humaliza jambo kabla halijafika popote.

Jambo la pili ni kuchukua mashauri machache yanayohitaji kusimamiwa kweli. Chagua aina unayoiweza. Wakili wa mambo ya kodi anayejitwika shauri la mauaji kwa moyo mwema hamsaidii mshitakiwa.

La tatu linasahaulika: kubali kupigiwa simu. Mwanafunzi yuko na mteja mbele yake, anaona mkataba wa mkopo wenye kipengele asichowahi kukiona darasani. Dakika tano zako zinamwokoa kutoa ushauri wa kubahatisha.

Chuo kikifunga, wateja wanakwenda wapi?

Hili ndilo eneo tunaloliona bovu kuliko yote, na wafadhili hawalitazami kwa sababu likizo hakuna cha kupigwa picha.

Mwaka wa masomo kwa vyuo vingi huisha Julai na mwingine huanza Oktoba au Novemba. Wanafunzi wanaondoka, mlango unafungwa, karatasi yenye maneno "tutarejea muhula mpya" inabandikwa. Lakini mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa migogoro mingine ya kazi ana siku 60. Anayetaka kukata rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ana siku 30. Aliyefukuzwa kazi tarehe 1 Agosti akaikuta karatasi mlangoni, akasubiri muhula mpya, atakuja Novemba akihitaji kwanza maombi ya kuongezewa muda, na lazima aeleze kila siku aliyochelewa. "Kliniki ilikuwa likizo" haimtoshi mtu kama sababu.

Tiba yake si ghali. Inahitajika posho ya wanafunzi wachache wanaobaki mjini kwa zamu, wakili mmoja anayekubali kupigiwa simu miezi hiyo, na simu moja ya kliniki yenye salio inayopokelewa. Anayeweza kulipia miezi hiyo mitatu tu, alipie hiyo.

Mimi si mwanasheria na sina fedha nyingi. Nina cha kutoa?

Unacho. Mhasibu anaweza kutusaidia hesabu za mirathi. Mpima ardhi anaweza kusoma ramani ambayo sisi wote tunaiangalia kichwa chini. Anayejua lugha ya alama ya Tanzania ni adimu na anahitajika. Mzungumzaji wa Kisukuma, Kimaasai au Kigogo anaweza kukaa na bibi ambaye Kiswahili chake hakitoshi kueleza jambo zito. Ila mkalimani asiwe ndugu wa mteja wala jirani wa upande wa pili.

Nikichangia, naweza kuleta kesi ya ndugu yangu ishughulikiwe haraka?

Alete kama wengine na apange foleni. Akikidhi vigezo atahudumiwa. Tunajua undugu wetu ulivyo na tunajua swali hili huulizwa kwa nia njema, lakini mchango ukishanunua nafasi ya mbele, mama wa bahasha ya kaki atakuwa anasubiri mpaka giza.

Naweza kukutana na mteja niliyemsaidia, au kupata picha yake?

Hapana. Anachokieleza mteja ni siri yake, na ridhaa ya mtu anayehitaji msaada wako kesho si ridhaa kamili. Tutakupa taarifa ya idadi na aina ya mashauri, bila majina, bila mtaa, bila sura. Mfadhili asiyeweza kuvumilia hilo tunamshukuru na tunamwacha aende.

Si mnawafanya maskini kuwa uwanja wa mazoezi ya wanafunzi?

Hoja hii ni ya haki, na wanaoitoa mara nyingi ni mawakili waliowahi kurekebisha shauri lililoharibiwa. Jibu la kwamba "bora kidogo kuliko hakuna" hatulikubali. Ushauri mbovu ni hasara kuliko kukosa ushauri, kwa sababu asiyeshauriwa huendelea kuuliza na aliyeshauriwa vibaya hutulia.

Kinachotenganisha kliniki na mchezo ni usimamizi: hakuna karatasi inayotoka bila kusomwa na mwenye sifa, hakuna mwanafunzi anayekaa na mteja peke yake muhula wake wa kwanza, na mteja anaambiwa waziwazi kwamba anayemsikiliza ni mwanafunzi. Pale usimamizi usipopatikana, kliniki ipunguze wateja. Tunaona vyuo vinavyojisifu kwa kuhudumia maelfu kwa siku tatu, na hatujui la kusema.

Na mkishindwa kesi, mchango wangu si umepotea?

Kuna mashauri ambayo mteja hawezi kuyashinda, na kazi ya kliniki ni kumwambia mteja hivyo mapema ili asiuze mbuzi kugharimia rufaa.

Lakini hata kushindwa kuna aina zake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Swali lilikuwa kama kazi za nyumbani za mke, kupika, kufua, kulea, ni mchango katika mali iliyopatikana ndani ya ndoa. Mahakama ikasema ndiyo. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa ilionekana alikwishapewa na mumewe fedha zilizohesabiwa kuwa fungu lake, na rufaa yake ikatupwa. Hata hivyo, wanawake waliofika mahakamani baada yake wameutegemea uamuzi huo hadi leo. Kwa mizani ya taarifa za wafadhili, shauri lile lingeandikwa kwenye safu ya yaliyoshindwa.

Zanzibar je?

Zanzibar ina Sheria yake ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992. Anayetaka kusaidia kliniki ya huko akumbuke kwamba mambo mengi ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu huenda Mahakama ya Kadhi. Wakili wa Bara mwenye nia njema asivuke na fomu zake za Bara.

Na Kenya?

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Kenya ya mwaka 2016 inavitaja vyuo vikuu vyenye kliniki miongoni mwa watoaji wa msaada wanaoweza kuidhinishwa. Hilo ni jambo la kuonewa wivu. Nje ya vyuo, Kituo cha Sheria cha Nairobi kimefanya kazi hii tangu 1973.

Kwa mchango wenye matokeo ya haraka Kenya, tazama Mahakama ya Madai Madogo. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Mdai anaweza kujisemea. Mwanafunzi akimsaidia mama mboga kupanga ujumbe wa M-Pesa na daftari la madeni kabla ya siku ya kusikilizwa, amemfanyia kazi ya wakili kwa gharama ya karatasi.

Niko nje ya nchi. Nifanyeje?

Andikia ofisi ya mkuu wa shule ya sheria uliyosoma, uulize utaratibu wa kupokea michango. Mkiwa wahitimu kadhaa wa mwaka mmoja, mchange pamoja na mteue mmoja aliye nyumbani awafuatilie. Na kama wewe ni wakili huko Muscat au London, usitoe ushauri wa sheria za Tanzania kwa kumbukumbu za darasani. Saidia kuhariri, kufundisha uandishi, kutafuta nyenzo.

Nitajuaje fedha hazikuliwa?

Omba taarifa ya mapato na matumizi kila muhula, na uombe kabla ya kutoa. Omba pia idadi ya majalada yaliyofunguliwa, yaliyofungwa, na yaliyolala zaidi ya miezi sita bila kuguswa. Namba ya mwisho ndiyo itakayokueleza kliniki ilivyo. Kliniki inayoitoa bila kusukumwa ina mtu anayepitia makabati.

Sawa, nimeshawishika. Nianze na nini?

Piga simu au nenda kwenye shule ya sheria iliyo karibu nawe, uulize mambo matatu: nani anasaini nyaraka zinazotoka, Agosti mnafanya nini, na majalada yanakaa wapi. Kisha andika barua fupi kwa mkuu wa kliniki ukitaja unachotoa, kiasi gani, na kwa muda gani. "Nitalipia nauli za wateja kuanzia Julai hadi Oktoba" itajibiwa wiki hiyo hiyo. Barua zinazosema "niko tayari kusaidia chochote" huwa zinalala kwenye trei, kwa kuwa hakuna anayejua aipeleke kwa nani.